Faida ya simu nzima, au ya mpini?

(Mhadhara kwa mafundi vijana, Moshi)

Wakubwa shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Naomba kila mwenye simu aitoe. Fungua orodha ya majina, ivute mpaka mwisho, kisha endelea kuvuta. Kwa baadhi yenu inanyooka kidogo kama mpira wa manati, halafu inarudi. Mchezo huo wa kidole Apple waliusajilia hataza Marekani, yaani haki ya mbunifu ya kuwazuia wengine wasiige alichobuni, na mwaka 2011 walipowashtaki Samsung, ulikuwa miongoni mwa madai yao. Wakati huohuo Samsung walikuwa wanawauzia vipuri vya ndani ya iPhone!

Agosti 2012, mjini San Jose, California, wananchi 9 wa kawaida walioketi kama waamuzi waliwapa Apple fidia ya dola bilioni 1.05. Hapo ndipo ugomvi wenyewe ulipoanza, maana hataza zilikuwa za aina mbili: za utendaji, kama huo mchezo wa kidole, na za umbo, yaani uso bapa wenye pembe za mviringo na mpangilio wa vipicha kwenye kioo. Aliyeiga umbo, sheria ya Marekani inamtaka atoe faida yote aliyoipata kwa kitu hicho. Sasa kitu ni kipi?

Chukueni mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono. Umebuni mpini wenye umbo lako. Mtu akaliiga, akauza mashine 200. Akulipe faida ya mashine zote, au ya mipini?

Swali hilo Samsung walilifikisha Mahakama ya Juu ya Marekani. Desemba 2016 majaji 8 walisema kwa kauli moja kwamba kitu kinaweza kuwa kipande tu cha bidhaa. Naona walitenda haki, ila nasikitika hawakusema ni kipande kipi. Mei 2018 waamuzi wapya wakatoa dola milioni 539: kama 533 kwa umbo, 5 na ushei kwa utendaji. Mwezi uliofuata wakubwa hao wakapatana.

Hataza ya Marekani haina nguvu hapa Moshi, na ya BRELA, wakala wetu wa usajili Tanzania, haivuki Holili, mpakani na Kenya. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, ipo ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kusajili ubunifu, kule Harare. Lakini popote uendako, watakachokisoma kwanza ni madai yako, yaani maneno ya ombi lako yanayotaja hasa kipi ni kipya na ni chako.

Jana kijana mmoja aliniletea michoro mizuri sana, na dai la mstari mmoja: "Mashine ya kumenya kahawa." Mwanangu, hiyo babu zetu waliizungusha! Kipya chako ni kile kibati kilichopinda karibu na ngoma, kinachozuia punje zisipasuke. Kipinde kwa nyuzi ngapi? Kikae mbali na ngoma kiasi gani? Nimempa kalamu. Yuko mstari wa tatu pale, anaandika upya.