Kabla Mrija Haujaingia: Mhadhara kwa Madaktari wa Wagonjwa Mahututi, Nakuru

Madaktari wenzangu, wauguzi na maafisa wa kliniki mliotoka Kisumu, Kakamega na hapa Nakuru, hamjambo. Niliombwa nizungumzie kupitisha mrija wa kupumulia, lakini nitakaa zaidi kwenye yale yanayoutangulia na yanayoufuata, kwa kuwa mafunzo yetu yamezoea kuunoa mkono wa daktari na kusahau hali ya mgonjwa aliye mbele yake.

Mtu mwenye afya akivuta oksijeni tupu kwa dakika 3, naitrojeni hutoka mapafuni na oksijeni ikashika nafasi yake, hata akiacha kupumua hustahimili dakika kadhaa. Mgonjwa wa nimonia kali hana akiba hiyo. Isitoshe, hapa Nakuru tuko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Basi inueni kichwa cha kitanda nyuzi 20 hadi 30, barakoa ishikwe vizuri isivuje, na mgonjwa apewe muda wake wote, hata kama jamaa zake wanachungulia mlangoni.

Utafiti wa INTUBE, uliochapishwa mwaka 2021, ulifuatilia wagonjwa mahututi 2,964 waliopitishwa mrija wa kupumulia katika nchi 29. Asilimia 45.2 walipatwa na angalau dhara moja kubwa. Wengi wetu tungedhani ni kukosa oksijeni, kumbe hilo liliwapata asilimia 9.3, kuyumba kwa mzunguko wa damu kuliwapata asilimia 42.6, na moyo ulisimama kwa asilimia 3.1. Ndiyo maana nasisitiza kwamba dawa ya kupandisha presha iwe imeshavutwa kwenye sirinji kabla ya dawa ya usingizi kuguswa.

Nilipokuwa daktari mchanga, katika hospitali nisiyoitaja, nilipitisha mrija, nikaona ukungu ndani yake, nikasikiliza kifua na kujiridhisha, nikaufunga kwa plasta. Muuguzi aliyekuwa miguuni pa kitanda akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, tumbo linapanda." Mrija ulikuwa umeingia kwenye umio. Tuliuchomoa, tukampa pumzi kwa mfuko na barakoa, naye akapona, lakini tangu siku hiyo siamini ukungu wala masikio yangu; naamini wimbi la kaboni dioksidi kwenye skrini ya kapnografu, kifaa kinachopima kaboni dioksidi katika pumzi anayotoa mgonjwa. Uchunguzi wa NAP4 wa Uingereza, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kutotumia kifaa hicho huenda kulichangia zaidi ya asilimia 70 ya vifo vilivyohusu njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyoripotiwa kwake. Mstari ukilala, chukulieni kwamba mrija haumo mahali pake.

Na mrija ukikataa kabisa, oksijeni nayo isiingie kwa barakoa, msiendelee kuchokoa koo lililokwisha kuvimba. Hapo ni kukata shingo kwa mbele ili hewa ipite. Mchana huu kila mmoja atakata koromeo la mbuzi tulilonunua buchari asubuhi: papaseni gegedu kubwa, shukeni hadi kwenye kibonde kidogo chini yake, pasueni kwa kisu nambari 10, pitisheni kijiti cha kuongozea, kisha mrija wa saizi 6 juu yake. Meza ziko nyuma ya ukumbi. Wenye kutumia mkono wa kushoto wasimame upande wa dirisha.