Mkitaja siku ya harusi, mmeshataja na nauli yetu

Assalaam alaykum, watu wangu wa Unguja na Pemba. Niko hapa Milton Keynes, Uingereza, baridi imeshaanza kuingia, na kwenye magrupu ya ukoo kila siku tunaulizwa: mwaka huu mnakuja lini? Leo nataka kusema na nyinyi mlioko nyumbani hasa. Sisi wasafiri tumeshapeana mawaidha ya tiketi mpaka basi, lakini wanaokaa kikao cha posa na kutaja siku ya harusi au khitma ni nyinyi. Siku hiyo ikishatajwa, nauli nayo imeshapangwa.

Tazameni Disemba. Shule za Uingereza zinafungwa siku chache kabla ya Krismasi, na kila mwenye watoto anataka kuondoka wiki hiyo hiyo. Na watalii nao wanakuja kwetu kukimbia baridi, wanapanda ndege hizo hizo zinazopitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Viti haviongezeki kwa sababu ya harusi yetu. Kijana mwenye mke na watoto watatu akiambiwa harusi ni tarehe 26 Disemba, analipa nauli ambayo ingemwezekea mama yake nyumba ya Wete kwa bati jipya. Naye atakuja, maana ni harusi ya mdogo wake. Halafu mwaka mzima unaofuata mnamwona kimya, hatumi kitu, mnasema Ulaya imembadilisha.

Sasa angalieni Januari. Sherehe za Mapinduzi tarehe 12 zikipita, wageni wa mwaka mpya wameshaondoka na nauli zinalegea. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo hapo katikati, ndani ya Shaabani, kuna wiki tatu na ushei. Watu wetu tangu zamani wanapenda kuoza kabla ya mfungo, basi hapo pana heri na pana unafuu.

Lakini wenye watoto wa shule wao Januari hawawezi. Hapa England mzazi akimtoa mtoto shule siku tano bila ruhusa anaweza kutozwa paundi 80 kwa kila mtoto, na baba na mama kila mmoja anatozwa yake. Asipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Hao wanabaki na likizo kubwa, mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba. Wiki ya kwanza shule zinapofungwa ndiyo ghali kuliko zote, ukisogea mpaka katikati ya Agosti mara nyingi bei hupungua. Basi kabla hamjataja siku, ulizeni kwanza: ni nani lazima awepo, na ana watoto wa shule au hana? Swali hilo moja tu, wallahi, linaokoa pesa nyingi kuliko ujanja wowote wa kutafuta tiketi usiku wa manane.

Idi nayo inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Idi el-Fitri ya 2027 inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, masika yanakaribia, watalii wanapungua. Itafika 2033, Idi el-Fitri ziwe mbili ndani ya mwaka mmoja, ya kwanza mwanzoni mwa Januari na ya pili karibu na Krismasi, na hapo nauli mtaziona. Mwenye wazee wake hai na asiyefungwa na shule, miaka hii ndiyo ya kwenda kusali Idi nao.

Kuna wanaotushauri tushukie Dar, tiketi ni rahisi. Fanyeni hesabu yote. Teksi mpaka bandarini, foleni ya mjini, boti karibu saa mbili, na ukitua usiku unalala hoteli mpaka asubuhi. Kwa Mpemba bado hajafika: akifika bandari ya Malindi, Unguja, anatafuta tena boti ya Mkoani, Pemba, na haipatikani kila saa kama ya Dar. Ukitua Unguja moja kwa moja, mara nyingi ile tofauti ya bei inarudi yote. Na ukinunua tiketi mbili mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, ya pili imepotea na hakuna wa kukurudishia.

Mzigo nao. Mashirika kadhaa yanaturuhusu masanduku mawili ya kilo 23, lakini vindege vya kwenda Chake Chake, Pemba, vinachukua kilo 15 hivi. Kwa hiyo ukiagiza kitu, agiza mapema na ukubali kije kwa boti baada yetu. Na tafadhali, uwanjani ije gari moja. Mnakodi mabasi kutupokea, mapenzi hayo tunayaona, lakini pesa hiyo mpeni bibi.

Wale wa ukoo wangu mnaonitazama, harusi ya mdogo wetu bado haijatajwa siku. Mimi kura yangu ni Jumamosi ya kwanza baada ya Mapinduzi. Leo baada ya Isha nitakuwa kwenye grupu, na shangazi aliyeko Chake mumuungie simu, maana yeye ndiye mwenye neno.