Pawa Bila Tila

SEKELA: Inarekodi? Haya. Karibuni. Mimi ni yuleyule, na huyu bwana wa kuchelewa ni yuleyule.

AMBAKISYE: Ugonile, dada. Foleni ya Mafiati haina adabu. Ila usinizungushe, nasikia wiki hii umekuwa mkandarasi.

SEKELA: Wa kulazimishwa. Kaka yangu mnamjua, yule mkandarasi wa makalavati, wa daraja la saba. Jumanne ya wiki iliyopita kadondoka saiti, nyonga ikavunjika, kapelekwa Dar kupasuliwa. Huku Tukuyu kalavati liko nusu, mvua za Rungwe unazijua, na mafundi kumi na wanne wanaisubiri Jumamosi. Biashara iko kwa jina lake peke yake. Bila sahihi yake hata mfuko wa saruji hautoki.

AMBAKISYE: Akakupa pawa ofu atoni.

SEKELA: Hati ya uwakilishi, ndugu yangu, ya mimi kusaini kwa niaba yake. Wakili kamfuata wodini, kasaini mbele yake, muhuri, ushuru wa stempu, ikaja na basi la usiku. Ijumaa nikafika saiti kifua mbele: "Mzee, nina pawa ya kaka." Fundi mkuu akaniangalia, akaangalia gari. "Umeishushia wapi?"

AMBAKISYE: Usiniambie.

SEKELA: Alidhani pawatila, kile kitrekta cha mkono!

AMBAKISYE: (anacheka) Na tela lake la kubebea kokoto!

SEKELA: Kashapanga na dereva. Basi nikatoka hapo kwenda benki, jina nalificha. Dada wa dirishani kaisoma mara mbili. Imeandikwa "kusimamia shughuli zake zote za ujenzi". Akasema haijataja akaunti, haijataja kutoa hela. Rudi Dar. Jumamosi mafundi niliwalipa kwa hela ya kikoba changu.

AMBAKISYE: Mimi niko na yule dada. Hizo hati husomwa kwa ubahili: kisichoandikwa hukupewa. Pawatila inalima jaruba ulilopangiwa. Ukiingia la jirani, pale Mbarali unaitwa kwa mwenyekiti jioni hiyohiyo.

SEKELA: Sasa si ndiyo maana ningetaka iandikwe kila kitu?

AMBAKISYE: Kila kitu ni pamoja na kuuza kiwanja chake na kukopa kwa jina lake. Orodhesha: akaunti namba fulani, mishahara, vifaa, kusaini hati za malipo ya kazi hii. Basi.

SEKELA: Hapo sikupingi. Hati ya pili ilikuja hivyohivyo, Jumanne. Alhamisi kaka kaingia chumba cha upasuaji, mimi huku nikasaini hundi ya saruji…

AMBAKISYE: Ngoja. Yeye kaingia saa ngapi?

SEKELA: Saa tatu asubuhi.

AMBAKISYE: Na wewe?

SEKELA: Saa nne.

AMBAKISYE: Pawatila ilikuwa imezimwa.

SEKELA: Ambakisye!

AMBAKISYE: Siyo utani. Uwakala unakoma aliyekupa akifa au akipoteza akili timamu. Saa nne kaka yako hakujua hata jina lake.

SEKELA: Nusukaputi si wazimu! Ni usingizi. Kwa hiyo kila usiku akilala, hati inalala naye?

AMBAKISYE: Akilala unamwamsha. Pale ungemwamsha?

SEKELA: Daktari angemwamsha, na ndivyo alivyofanya. Saa nane alikuwa anaomba chai.

AMBAKISYE: Na asingeamka? Kwa jirani zetu mzee alifariki usiku, asubuhi kijana kaenda na hati, katoa hela za msiba. Nia njema kabisa. Lakini hati ilishakufa na mzee. Hapo anayetakiwa ni msimamizi wa mirathi, aliyeteuliwa na mahakama. Mpaka leo ndugu wanapishana njia.

SEKELA: Huyo alikufa. Wangu yuko hai, na hundi moja ilikuwa ya mifuko sitini ambayo mwenye duka alishaipakia.

AMBAKISYE: Ungesubiri saa nane.

SEKELA: Na mvua nayo ingesubiri? Sheria unayoisoma wewe ni ya watu wasio na zege.

AMBAKISYE: Ni ya watu wenye ndugu.

SEKELA: (kimya) Sikubali.

AMBAKISYE: Wala mimi.

(mlango unagongwa)

SEKELA: Kwaya hao, wanataka chumba chao. Na nilikuwa na karatasi hapa… kufungua kampuni badala ya jina la mtu mmoja, wasaini wawili benki…

AMBAKISYE: Na usajili wa bodi ya makandarasi. Hati haikufanyi wewe mkandarasi, usajili unabaki kwa kaka.

SEKELA: Hilo nalo lilikuwa na habari yake, mpaka wiki ijayo. Ndaga fijo kwa kutusikiliza. Simu yangu inaita, ni fundi mkuu.

AMBAKISYE: Muulize dizeli imebaki?

SEKELA: Zima hiyo mashine.

AMBAKISYE: Saa nne asubuhi, lakini, Sekela…