Dakika Tano Kutoka Kanisani

MAMA FURAHA: Hapana, Salim, usianze na hiyo. Tusalimie watu kwanza.

SALIM: Hamjambo nyote. Haya, tumesalimia. Sasa waambie ulilolifanya Jumanne.

MAMA FURAHA: Jumanne nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya kanuni za MLS yetu. Kwa aliye mgeni: MLS ni hazina ya pamoja ambamo mawakala wa nyumba wa eneo zima, hata wale wanaogombania wateja, wanaweka nyumba zao ili kila wakala azione. Kamati yetu ndiyo inayoamua nani kavunja kanuni. Na Jumanne tumemtoza faini mwenzetu, Mswahili wa hapa hapa Dallas.

SALIM: Dola 500.

MAMA FURAHA: Hilo kalisema mwenyewe, katuma sauti kwenye grupu la WhatsApp. Ya kikaoni siyasemi na jina hatutaji. Nasema yale ambayo grupu zima linayajua.

SALIM: Grupu lenye watu mia sita na ushee. Soma tangazo alilolibandika humo.

MAMA FURAHA: "Ndugu zangu, nyumba ya vyumba vinne, mama mwenye nyumba angependa ichukuliwe na mmoja wetu, dakika tano kutoka kanisani." Likakaa siku kumi pale. Kwenye MLS halikuwepo.

SALIM: Dakika tano!

MAMA FURAHA: [anacheka] Nilijua utaishika hiyo.

SALIM: Dadangu, mimi kanisa lile nalijua, nimempeleka jirani yangu pale mara nyingi. Saa tisa za usiku, barabara tupu, ni dakika kumi na nane.

MAMA FURAHA: Ni maradhi ya udalali hayo. Mwaka 2009 natafuta chumba Tabata, dalali ananiambia, "Sista, dakika tano tu kutoka lami." Nimevaa viatu vya ofisini. Tukakata uchochoro, tukavuka mtaro, tukapita msikiti wa kwanza, tukapita wa pili...

SALIM: Hapo Tabata mmeshaiacha.

MAMA FURAHA: Tunakaribia Segerea! Na hela ya kuonyeshwa nimeshalipa. Ningekichukua chumba, kodi ya mwezi mzima ingekuwa ya kwake.

SALIM: Kwetu Kisauni hawataji dakika. Wanasema "hapo tu". Hapo tu haina kipimo, huwezi kumshika mtu nayo.

MAMA FURAHA: Mimi nadhani zile ni dakika za bodaboda.

SALIM: Za dalali mwenyewe. Umemwona anavyotembea? Yuko mbele hatua ishirini, simu sikioni, anamwambia mteja mwingine dakika tano. Sasa sikiliza kitu cha kazini kwangu, kwenye data ya MLS. Zamani kila MLS ya Marekani iliita vitu kwa majina yake. Mmoja anahesabu bafu lisilo na pa kuogea kama nusu, mwingine anaandika zima. Programu ikichota data kutoka pande mbili, inavurugika. Lipo shirika la viwango, RESO, limetunga kamusi ya data, kila kisanduku na jina lake moja, na mimi nakesha kuhakikisha visanduku vyetu vinaifuata. Humo ndani, wallahi, mna kisanduku cha umbali mpaka barabarani.

MAMA FURAHA: Acha!

SALIM: Kipo. Namba, na kipimo chake. Lami yako ya Tabata imeandaliwa nafasi.

MAMA FURAHA: Wanapokea dakika?

SALIM: Hawapokei. Yule dalali wako asingeweza hata kuhifadhi fomu. Na mna kingine, dada, hiki nimekiweka makusudi mpaka mwisho: umbali mpaka nyumba ya ibada.

MAMA FURAHA: Najua unakokwenda.

SALIM: Nauliza tu. Kamusi yenyewe inauliza kanisa liko mbali kiasi gani. Ndugu yetu kalitaja kanisa, kapigwa faini.

MAMA FURAHA: Hakupigwa kwa kutaja kanisa. Kanuni ni ya tangu Novemba 2019: ukishaitangaza nyumba kwa umma, iwe bango uani au tangazo mtandaoni, una siku moja ya kazi kuiingiza kwenye MLS. Yeye alikaa kumi. Na hilo la "mmoja wetu" ni zito kuliko faini. Sheria ya nyumba ya 1968 ilisainiwa wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza kuchagua mnunuzi kwa rangi, kwa dini, kwa nchi alikotoka. Nchi hii ilikuwa na hati za nyumba zilizoandikwa kabisa kwamba mtu mweusi asiuziwe. Na walioziandika hati hizo walikuwa wanataka mmoja wao, Salim.

SALIM: Usimlinganishe mama yule na hao. Katoka Uvira, kakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka, kaja hapa kafanya kazi za usiku mpaka kanunua. Matanga ya nusu ya watu wetu yamekaliwa sebuleni kwake. Anataka akipita pale mtu amwambie "karibu mama". Na grupu ni baraza letu. Tangu lini mazungumzo ya barazani yakawa tangazo kwa umma?

MAMA FURAHA: Tangu baraza lilipokuwa na watu mia sita.

SALIM: Kampuni kubwa je? Ina mawakala mia nane, inaficha nyumba ndani kwa ndani, mawakala wake wanapeana, mnasema ruhusa, ni siri ya ofisi. Wakala wetu ana simu moja. Watu mia nane ni ofisi, mia sita ni umma?

MAMA FURAHA: Mlango huo naupinga kila nikipata nafasi. Lakini tajiri kuachiwa tundu hakumpi maskini ruhusa ya kutoboa lake. Na anayeumia ni huyo huyo mama. Hapa Texas bei ya nyumba iliyouzwa haiwekwi hadharani, mthamini anaitafuta kwenye MLS. Tukiuziana chini chini, nyumba zetu hazionekani. Kesho jirani yake Mkongo anataka kuuza, mthamini haoni kilichouzwa mtaani, anakadiria chini.

SALIM: Hilo ni la jirani. Nyumba ni ya mama.

MAMA FURAHA: Na familia iliyofika juzi, ambayo haina mtu wa kuiingiza kwenye grupu, itaionea wapi nyumba hiyo?

SALIM: Itaona nyingine elfu kwenye MLS! Linaloniuma ni hili: programu yetu inapekua maneno yaliyokatazwa kwenye maelezo ya nyumba, lakini haingii WhatsApp na Kiswahili haikijui. Kwa hiyo aliyeipelekea kamati picha ya skrini ya tangazo ni mtu. Mwenzetu, wa humo humo.

MAMA FURAHA: Amefanya sawa.

SALIM: Hajafanya sawa.

MAMA FURAHA: Kafanya sawa, kaka.

SALIM: Mimi hapo hunitoi.

[kimya]

MAMA FURAHA: Saa ngapi? Chumba hiki cha maktaba tunatakiwa tukiachie.

SALIM: Bado dakika... sisemi.

MAMA FURAHA: [anacheka] Jamani, na tulipanga mambo matatu ya mnunuzi wa mara ya kwanza. La kwanza, haraka: tangu tarehe 17 Agosti 2024, wakala wa MLS anayekuhudumia wewe mnunuzi lazima msaini mkataba kabla hajakuonyesha nyumba, na malipo yake yameandikwa wazi humo. Soma kiasi, soma mkataba unaisha lini, na ukiona umefungwa miezi sita...

SALIM: Mlinzi yuko mlangoni, dada.

MAMA FURAHA: Mengine wiki ijayo. Yule ndugu ana haki ya kukata rufaa, na mimi kwenye rufaa sitakaa.

SALIM: Naweza kuja kumsemea?

MAMA FURAHA: Huruhusiwi kuingia. Andika barua.

SALIM: Naandika leo hii. Na la kampuni ya watu mia nane naliweka juu kabisa.

MAMA FURAHA: Liweke. Zima, Salim, watu wanasubiri chumba.