Bomba la Maji Baridi: Kufua Umeme kwa Tofauti ya Joto Baharini

Mabibi na mabwana,

Katika bahari za tropiki, maji ya juu huwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi, ilhali yale ya kina cha mita 1,000 hubaki karibu na nyuzi 5, kwa kuwa asili yake ni bahari za ncha za dunia. Tofauti hiyo inatosha kufua umeme usiku na mchana. Ugumu uko katika kuyapandisha maji baridi, na hapo ndipo ninapotaka tutazame kwa makini.

Utaratibu wenyewe ni huu: maji ya juu huichemsha amonia, ambayo huchemka kwa joto dogo sana, mvuke wake huzungusha turbini, yaani gurudumu la mapanga linaloendesha mashine ya kufua umeme, kisha maji baridi huupoza ukarudi kuwa kimiminika. Wazo la namna hii lilitolewa na Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval mwaka 1881. Mwanafunzi wake, Georges Claude, hakutumia amonia, bali aliondoa hewa ndani ya mtambo mpaka maji ya bahari yenyewe yakachemka bila kuongezewa joto, na mwaka 1930, huko Matanzas nchini Cuba, akapata kilowati 22. Njia yake ina faida ninayoithamini sana, kwani mvuke huo ukipozwa vizuri huweza kuwa maji yasiyo na chumvi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kati ya nyuzi 25 na 5, hata mtambo usio na kasoro yoyote hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 7 ya joto kuwa umeme, na kwa vitendo hupatikana takriban asilimia 3. Joto hilo halinunuliwi, kwa hiyo si haki kuubeza mtambo kwa asilimia hiyo peke yake. Lakini uchache huo hulazimu kusukuma mita za ujazo kadhaa za maji kila sekunde kwa kila megawati, na pampu hula umeme uleule unaofuliwa. Mtambo ulioelea karibu na Hawaii mwaka 1979 ulifua takriban kilowati 50, na baada ya pampu kuchukua zao, zilizobaki hazikufika 20.

Mtambo wa megawati 100 ungehitaji bomba lenye kipenyo cha mita 10 hivi, lining'inie kilomita nzima chini ya maji na kustahimili mikondo na dhoruba. Claude alijaribu tena mwaka 1935 akiwa na meli karibu na pwani ya Brazil, mawimbi yakaiharibu kazi yake.

Kwa maoni yangu, njia ya busara kwa sasa ni ile ya kisiwa cha Kumejima nchini Japani, ambako mtambo mdogo ulioanza kazi mwaka 2013 unatumia maji ya kina kirefu yanayovutwa pia kwa ajili ya ufugaji wa viumbe wa baharini, hivyo gharama ya bomba haibebwi na umeme peke yake.