Mlangoni pa Jirani: Beni na Butembo Wakati wa Ebola

SALUM: Wasikilizaji wetu, karibuni. Mazungumzo ya leo yanahusu wakazi wa Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambao kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 walibisha hodi kwenye nyumba za majirani zao siku baada ya siku, wakati Ebola ilipokuwa ikiwaua watu katika miji na vijiji vyao. Dada Furaha, wewe ulikuwa unaishi Butembo miaka hiyo. Ningependa tuanzie mlangoni penyewe: mwenye nyumba aliposikia hodi, alikuwa anaogopa nini?

FURAHA: Asante, kaka Salum. Alikuwa anaogopa mambo mengi kwa pamoja, na Ebola haikuwa la kwanza. Raia wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa na makundi yenye silaha tangu 2014, na kuna familia ambazo zilikuwa zimekwisha kuhama mara mbili au tatu. Kisha tarehe 1 Agosti 2018 serikali ikatangaza kwamba Ebola imeingia Mangina, mji mdogo ulio karibu na Beni, na haukupita muda barabara zetu zikajaa magari ya wageni. Watu wakauliza swali ambalo mpaka leo naliona kuwa la haki: tulipokuwa tunachinjwa, magari haya yalikuwa wapi? Watoto wetu wanakufa kwa malaria na surua, mbona hayakuja? Ilipofika Desemba, uchaguzi mkuu ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na ya usalama, huku sehemu kubwa ya nchi ikipiga kura, na wengi waliokuwa na shaka wakahitimisha kwamba ugonjwa wenyewe ni siasa.

SALUM: Kuna utafiti uliofanyika Septemba 2018 katika miji hiyo miwili, ukahoji watu wazima zaidi ya 900, na takribani mmoja kati ya kila wanne alisema haamini kwamba Ebola ipo. Nilipousoma nilijaribu kuufikiria kwa kipimo cha mtaa: katika nyumba ishirini, tano zinaweza kukataa kufungua mlango, na virusi vinahitaji nyumba moja tu.

FURAHA: Ndiyo, na nyumba hizo tano hazikufunguliwa na daktari aliyetoka mbali, hata awe bingwa kiasi gani. Zilifunguliwa na mtu anayejulikana. Kongo tunawaita reko, yaani wakazi wa mtaa wanaojitolea kuunganisha kituo cha afya na familia. Hawakuanza na Ebola. Kabla ya hapo ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha akina mama tarehe za chanjo za watoto na kugawa vyandarua. Mtaani kwetu reko alikuwa mama mmoja anayeuza maharagwe sokoni. Alimjua kila mtu, na alijua pia nani hakuonekana. Kama mwenzake wa meza ya pili hakuja sokoni siku mbili, alipita kwake jioni kumjulia hali kabla ya kutaja ugonjwa wowote.

SALUM: Waeleze wasikilizaji alikuwa anafanya nini hasa akishakaribishwa.

FURAHA: Alikaa kwanza. Aliuliza habari za watoto, za shamba, za mgonjwa kama yupo, akasikiliza hasira za wenyeji mpaka zikaisha, kisha ndipo akaeleza. Mtu aliyemgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21, kwa sababu huo ndio muda mrefu zaidi ambao virusi huchukua kujionyesha mwilini; kwa hiyo alirudi kila siku kuuliza kuhusu homa, kutapika na kuharisha, na kuandika majibu katika daftari lake. Siku 21 ni nyingi kwa familia inayokula inachopata siku hiyohiyo. Nakumbuka nyumba moja jirani na yetu ambayo baba alikuwa katika orodha hiyo na hakuweza kwenda kibaruani. Unga wa muhogo ulikuwa unaachwa langoni, mara nyingine makaa, mara nyingine mboga, na vijana wa chukudu, ile baiskeli yetu kubwa ya mbao, walimletea madumu ya maji bila kudai malipo. Hakuna shirika lililopanga jambo hilo. Yule mama wa maharagwe ndiye aliyepita kwa majirani na kusema leo ni zamu ya nani.

SALUM: Hilo ni jambo ambalo ripoti nyingi hazilitaji, kwa sababu halina mfadhili wa kuliandikia. Tuingie sasa katika mazishi, maana nadhani hapo ndipo waliojitolea walipata mateso makubwa kuliko mahali pengine.

FURAHA: Ndipo hasa. Kwetu maiti huoshwa na ndugu zake, huvishwa, huguswa, na watu huja kutoka mbali kuaga. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola una virusi vingi sana, kwa hiyo upendo uleule unaowakusanya watu ndio unaoweza kuwaangamiza. Vijana wa Msalaba Mwekundu waliojitolea kufanya maziko salama na yenye heshima walikuwa wazaliwa wa palepale. Mara nyingi kijana alikuja kumzika mtu aliyesali naye kanisa moja. Hata hivyo walipigwa mawe, na Oktoba 2018 baadhi yao walijeruhiwa Butembo wakiwa kazini. Usiku walirudi katika nyumba walizopanga, na wapo ambao majirani waliogopa hata kunywa maji katika kikombe chao.

SALUM: Na bado waliendelea. Ni nini kilichobadilisha mapokezi yao?

FURAHA: Walisikiliza malalamiko, wakayaandika, wakayapeleka kwa wakubwa wa operesheni ya kupambana na Ebola. Watu walikuwa wanasema kwamba mifuko ya maiti imejazwa mawe au udongo, na kwamba viungo vya marehemu vimeibiwa. Ukilipuuza neno kama hilo, linakuwa moto. Kwa hiyo ikaletwa mifuko yenye sehemu ya uwazi ili familia imwone mtu wao kabla hajafukiwa. Wazikaji wakaanza kufika wakiwa wamevaa nguo zao za kawaida, wakasalimia, wakasali na wafiwa, kisha wakavaa mavazi ya kinga mbele ya macho ya watu wote. Mahali ambapo timu haikuweza kufika kwa sababu ya barabara au bunduki, wanakijiji wenyewe walifundishwa na kupewa vifaa ili wamzike mtu wao bila kumgusa kwa mikono mitupu. Naona hatua hiyo ya mwisho ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza.

SALUM: Chanjo nayo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 walichanjwa katika mlipuko huo. Lakini utaratibu wake ulikuwa wa kumchanja aliyemgusa mgonjwa na aliyemgusa huyo, na orodha ya waliogusana hupatikana kwa mtu anayejua nani alilala wapi na nani alimpikia nani. Kwa hiyo hata sindano ilimtegemea jirani. Dada Furaha, kabla hatujaanza kurekodi ulitaja washindi. Naomba uwaeleze.

FURAHA: Ni watu waliougua Ebola wakapona, kwetu waliitwa washindi, na walikuwa zaidi ya 1,100. Katika mlipuko huo zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, kwa sababu mwanamke ndiye anayemuuguza mgonjwa nyumbani, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Sasa fikiria mtoto wa miezi sita ambaye mama yake amelazwa. Hawezi kunyonya, hawezi kukaa na bibi yake kabla siku 21 hazijaisha, na anayemkaribia amefunikwa miwani, barakoa na glavu mpaka haonekani kama binadamu. Zilifunguliwa nyumba za malezi karibu na vituo vya matibabu vya Beni na Butembo, na walezi wake walikuwa washindi. Kwa kuwa mwili wao ulikuwa umejijengea kinga, hawakuhitaji kujifunika vile. Mtoto aliona uso. Alibebwa, aliimbiwa, alilazwa kifuani. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamewazika watoto wao wenyewe wiki chache kabla. Nimewahi kuzungumza na mmoja wao, na aliniambia kwamba mikono yake ilikuwa mizito kwa kukosa kitu cha kubeba.

SALUM: Nashukuru kwamba umelisema. Kwa wasikilizaji wetu niongeze jambo moja: Agosti 2019 yalitangazwa matokeo ya majaribio kwamba dawa mbili za kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na virusi, zinaokoa maisha kuliko zile nyingine zilizolinganishwa nazo. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola katika mlipuko wa Kikwit wa 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa alishiriki tangu mwanzo. Mgonjwa wa Beni alitibiwa kwa kinga iliyotoka katika mwili wa Mkongo mwenzake aliyepona miaka zaidi ya ishirini kabla. Sasa niulize swali gumu. Kulikuwa na maneno mengi kuhusu biashara ya Ebola. Je, fedha ziliharibu moyo wa kujitolea?

FURAHA: Ziliharibu mahali pengi, na sitaki kuficha. Wapo walioletwa kutoka mbali kwa malipo makubwa kufanya kazi ambayo kijana wa mtaa angeifanya vizuri zaidi, na reko aliyetembea kwa miguu mchana kutwa alisubiri posho yake kwa wiki nyingi. Lakini sikubaliani na wanaosema kwamba anayejitolea hapaswi kupewa chochote. Mama anayefunga meza yake ya maharagwe ili aje mlangoni kwako anapoteza mtaji. Kumrudishia mtaji huo hakumwondolei moyo wake.

SALUM: Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ebola ilirudi karibu na Butembo Februari 2021, ikaisha mwanzoni mwa Mei ikiwa na wagonjwa 12. Oktoba mwaka huohuo ikajitokeza Beni, ikaisha Desemba ikiwa na wagonjwa 11. Unaielezaje tofauti hiyo?

FURAHA: Chanjo ilikuwa tayari, maabara zilikuwa karibu, na dawa zilikuwa zimethibitishwa, haya yote yana uzito. Pia safari hii waliokwenda milangoni walikuwa wamekwisha kujua la kusema na la kutosema, na wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuwazika watu wao. Hakuna aliyehitaji kumshawishi jirani kwamba ugonjwa upo.

SALUM: Na yule mama wa maharagwe?

FURAHA: Bado yuko sokoni, na daftari bado analo. Unajua kwamba surua iliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo kuanzia 2019, wengi wao watoto, wakati macho ya dunia yalipokuwa kwenye Ebola. Nilipomtembelea mara ya mwisho alinifungulia kurasa za nyuma, baada ya zile za siku 21. Alikuwa ameandika majina ya watoto wa mtaa ambao hawajamaliza chanjo ya surua, na mbele ya kila jina, jina la jirani atakayemsindikiza mama yao kituoni.