Kwa Nini Kocha Ndiye wa Kwanza Kuondoka

Mabibi na mabwana, wapenzi wa michezo, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze kuhusu makocha na mashabiki wao, nami nimechagua mchezo ambao wengi wetu tunautazama kwa mbali: mpira wa magongo wa barafuni. Afrika Mashariki barafu ni adimu, ingawa Nairobi wapo vijana wa Ice Lions waliojifunzia ndani ya hoteli ya Panari, na mwaka 2018 baadhi yao walisafiri hadi Kanada kucheza. Nimeuchagua kwa sababu sijaona kwingine ambako ubishi wa "kocha abaki au aondoke" ulipata jibu kubwa namna hiyo, mbele ya macho ya watu wote, ndani ya miezi 17.

Timu yenyewe ni Tampa Bay Lightning ya jimbo la Florida, katika NHL, ligi kuu ya mchezo huu ya Marekani na Kanada. Msimu wa 2018-19 ilishinda mechi 62 kati ya 82. Rekodi hiyo ilikuwa imewekwa na Detroit mwaka 1996, na ikadumu pekee kwa zaidi ya miaka 20 mpaka Tampa walipoifikia. Walikusanya pointi 128. Nikita Kucherov akawa mchezaji bora wa ligi, na Andrei Vasilevskiy kipa bora. Wiki chache kabla ya mechi za mtoano kuanza, klabu ikamwongezea mkataba kocha Jon Cooper.

Raundi ya kwanza, ambayo timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mechi nne, wakapangiwa Columbus Blue Jackets, timu ambayo katika historia yake yote haikuwahi kushinda hata raundi moja ya mtoano. Mechi ya kwanza, nyumbani Tampa, kipindi cha kwanza kilikwisha Lightning wakiongoza 3-0. Wakalala 4-3. Ya pili 5-1. Ya tatu 3-1. Tarehe 16 Aprili 2019, kule Columbus, ya nne ikaisha 7-3. Mechi nne, vipigo vinne. Hakuna timu iliyomaliza kinara wa ligi nzima iliyowahi kufagiliwa hivyo katika raundi ya kwanza.

Mnaweza kukisia kilichofuata. Cooper akawa amekalia kuti kavu. Mashabiki waliokuwa wakimwimba mwezi Machi walitaka afungashiwe virago mwezi Aprili, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Nataka niziheshimu hapa, maana nimechoka kusikia wataalamu wakisema shabiki hajui kitu. Walisema: huyu ana kikosi bora kuliko wote na tangu aanze kazi mwaka 2013 hajaleta kombe. Alifika fainali 2015, akafungwa na Chicago. Walisema: mpinzani alikuja na mbinu moja tu, kuwakimbilia walinzi wetu kwenye eneo letu wenyewe kabla hawajautoa mpira, na kwa mechi nne mfululizo kocha wetu hakupata dawa. Walisema John Tortorella, kocha wa Columbus, ambaye mwaka 2004 alikuwa amewapa Tampa hao hao kombe lao la kwanza, alimzidi akili. Kama nilivyoziona mechi zile, hoja hiyo ya mwisho ilikuwa ya kweli kwa wiki ile.

Sasa tuangalie kazi yenyewe ya kocha katika mchezo huu, kwa kuwa bila hiyo tutabishana hewani. Mchezaji hakai barafuni zaidi ya dakika moja hivi, kisha anatoka anaingia mwingine, mchezo ukiendelea bila filimbi. Kocha anasimama nyuma ya benchi akiamua, usiku kucha, safu gani ikutane na safu gani ya mpinzani. Mchezo unaposimama, kocha wa timu mwenyeji ana haki ya kubadilisha wa mwisho: anamwona mwenzake ameingiza nani, ndipo naye anaingiza wake. Hapo ujuzi unaonekana waziwazi. Lakini kuna mambo ambayo hayamo mikononi mwake. Kipa akiwa na wiki mbaya, hakuna ubao wa mbinu utakaomsaidia, na Columbus walifunga mabao 19 katika mechi nne. Kucherov alifungiwa mechi ya tatu kwa kumsukuma mpinzani ukutani katika ya pili. Victor Hedman, mlinzi wao mkuu, aliumia akakosa mbili za mwisho. Mechi nne ni chache mno. Msimu wa mechi 82 unaonyesha tabia ya timu, lakini mechi nne zinaweza kuonyesha tu kwamba mambo mabaya yamekuja kwa pamoja.

Kwa nini basi kilio ni cha kocha siku zote? Hili ndilo lililonileta hapa. Ligi ile ina kikomo cha mishahara ya wachezaji, na msimu ule kilikuwa dola milioni 79.5 kwa kila timu. Nyota ana mkataba wa miaka mingi, tena mara nyingi una kipengele cha kukataa kuhamishwa. Ukitaka kumwondoa, utafute klabu yenye nafasi chini ya kikomo, halafu umwombe yeye mwenyewe akubali. Mshahara wa kocha haumo katika hesabu hiyo. Mike Babcock alisaini na Toronto mwaka 2015, miaka minane kwa dola milioni 50, na Novemba 2019 akatimuliwa ikiwa bado zaidi ya miaka mitatu. Ilikuwa hasara kwa mfuko wa mwenye timu, lakini haikugusa hata senti moja ya kikomo. Kocha huondoka kwanza kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuondolewa asubuhi na mwingine akaletwa jioni. Kosa linaweza kuwa la meneja aliyesajili vibaya, au la nyota aliyelegea, lakini mlango ulio wazi ni wa kocha.

Nami sisemi kufukuza hakufai kamwe. Msimu huo huo wa aibu ya Tampa, St. Louis Blues walimtimua Mike Yeo Novemba 2018, wakampa Craig Berube ukaimu, na Juni 2019 wakabeba kombe. Wanaopenda mabadiliko hutaja mfano huu kila mara. Ila husahau kipande cha katikati: tarehe 3 Januari, wiki sita baada ya mabadiliko, Blues walikuwa mkiani kabisa mwa timu zote 31. Siku chache baadaye akaanzishwa kipa kijana, Jordan Binnington, na lango likafungwa. Sifa za kombe lile tunamgawiaje Berube na Binnington? Sijui njia ya haki ya kuzigawa, ila najua ni makosa kumpa mmoja zote.

Boston nao wana kisa cha kuumiza. Bruce Cassidy aliwafikisha fainali ile ya 2019, akafukuzwa Juni 2022, na mwaka mmoja baadaye akabeba kombe akiwa na Vegas. Aliyemrithi, Jim Montgomery, alianza kwa msimu wa maajabu: ushindi 65, pointi 135, rekodi zote mbili za ligi, na tuzo ya kocha bora. Katika mtoano wakaongoza mechi 3-1 dhidi ya Florida Panthers, timu nyingine ya jimbo la Florida, wakapoteza tatu zilizobaki. Novemba 2024 kibarua chake kikaota nyasi, na ndani ya siku chache akachukuliwa na St. Louis. Mtu huyo huyo, ujuzi ule ule, klabu moja inamwona amekwisha na nyingine inamkimbilia.

Turudi Tampa. Meneja mkuu Julien BriseBois hakumfukuza Cooper. Badala yake aliuliza kikosi kimekosa nini, akajibu kwa vitendo. Alimleta Pat Maroon, aliyekuwa ametoka kubeba kombe na St. Louis. Februari 2020 akatoa chaguo la raundi ya kwanza, yaani haki ya kuchukua kijana mapema katika mgawanyo wa vipaji wa kila mwaka, kumpata Blake Coleman kutoka New Jersey, na lingine kumpata Barclay Goodrow kutoka San Jose. Watu waliona bei ni kubwa mno, kwa wachezaji ambao hawakuwa nyota. Cooper akawaweka na Yanni Gourde, na safu hiyo ya tatu ikawa ndiyo ya kuzima nyota wa wapinzani.

Agosti 2020, katika viwanja vitupu vya wakati wa korona, raundi ya kwanza ikawakutanisha tena na Columbus! Mechi ya kwanza ilikwenda vipindi vitano vya nyongeza. Kipa wa Columbus, Joonas Korpisalo, aliokoa mara 85, rekodi ya ligi, kabla Brayden Point hajafunga la 3-2. Timu ya mwaka uliotangulia ingevunjika moyo usiku ule. Hii ilishinda raundi kwa mechi 4-1, na tarehe 28 Septemba ikabeba kombe mbele ya Dallas. Mwaka 2021 ikabeba tena, mbele ya Montreal. Mwaka 2022 ikafika fainali ya tatu mfululizo, ikafungwa na Colorado.

Ubishi haujaisha, wala usitarajiwe kuisha. Mwaka 2023 walitolewa raundi ya kwanza na Toronto, 2024 na 2025 na Florida Panthers, na nahodha Steven Stamkos akahamia Nashville. Kilio kikarudi. Safari hii kina nguvu zaidi, kwa sababu misimu mitatu si wiki moja mbaya. Lakini niulizeni mimi nitawaambia: Point, Kucherov, Hedman na Vasilevskiy wameongezeka umri, na uhamisho ule wa gharama umekula chaguo za vijana wa kuwarithi. Deni hilo lilikopwa ili makombe yaje, na aliyelikopa ni meneja. Anayetaka Cooper aondoke anieleze kwanza kocha mpya atawapata wapi vijana hao. Mpaka nilisikie jibu hilo, mimi nambakiza.